Natukanwa kwa kazi ninayofanya bure

Halati! Mimi ni msichana wa hapa Mtopanga. Nasimamia programu huria ya kuweka hesabu za vyama. Tuko wanne, sote twajitolea. Ikikwama tu, napokea vois za matusi hata saa sita za usiku, mpaka mamangu hutukanwa. Wenzangu watatu husikiliza na kunyamaza. Sasa kuna mmoja, hatujawahi kuonana, aniambia kama nimechoka nimpe pasiwadi zote aendeleze yeye. Nimechoka kweli. Nimpe?

La, mwanangu. Usimpe.

Huko Finland kuna bwana aitwaye Lasse Collin, aliyekuwa akitunza XZ bila malipo, kiprogramu cha kubana faili kilichomo kwenye kompyuta nyingi za Linux. Mwaka 2022 watu asiowajua walianza kumkaba: wachelewa, mpishe mwengine. Akawaeleza kuwa afya yake ya akili si nzuri na kazi ile haimlipi. Wakazidi. Mwishowe akamshirikisha aliyejiita Jia Tan, mpole na mchapakazi. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona mashine yake yachelewa kama nusu sekunde mtu akiingia kutoka mbali. Kuchimbua, akakuta matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya XZ yametiwa mlango wa siri. Wengi waamini waliomkaba Collin na huyo mpole walikuwa lao moja.

Sisemi wako ni mwizi. Basi na afanye kazi mbele ya macho yenu, na pasiwadi zikae kwa watu wawili mnaowajua mpaka kwao.

Wanaoniudhi hasa ni hao wenzako watatu. Harusini hapa Kisauni, anayemtukana mpishi wa pilau hutolewa nje na wajomba kabla mpishi hajaweka mwiko chini. Wewe waachwa ujitetee mwenyewe! Waite, muandike masharti mafupi: matusi mara ya kwanza ni onyo, ya pili mtu atolewa. Anayeonya na kutoa asiwe wewe. Nambari yako iondoeni, malalamiko yaende mahali pamoja mnapopokezana zamu.

Na uamuzi usiwe wa kichwa kimoja. Guido van Rossum, aliyeianzisha Python, lugha ya kuandikia programu, aliacha kuiongoza Julai 2018 baada ya mabishano makali. Alisema hataki tena kupigania jambo kiasi kile kisha akute watu wachukia uamuzi wake. Mwaka uliofuata wenzake wakachagua baraza la watu watano.

Vois za matusi, hasa zenye vitisho, usizifute. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 ina kifungu cha 27 kuhusu kumsumbua mtu mtandaoni. Nenda kituoni na mtu mzima wa kwenu, msikilizishe afisa.

Kisha pumzika wiki mbili, zamu yako ashike mwengine. Programu ikikwama, vyama vitarudi kwenye daftari. Mama zenu walichanga na kupokezana kwa daftari na kalamu miaka yote hiyo.