Mbwa Alindaye Wana-mbuzi

Ndugu mkulima, mbuzi azaapo hapa Kiboko, adui wa mwanawe hawi mbali. Mbweha humvizia amelala kichakani, mama yake akila majani. Nyani humnyakua mchana, fisi na chui huja usiku. Mwana-mbuzi jike akiliwa leo, umepoteza pia wana wote ambao angalikuzalia.

Mbwa aweza kukusaidia. Lakini wengi hudhani mlinzi mwema ni mbwa mkali. Sivyo. Mbwa hulinda wale aliokua nao; aliyelelewa mlangoni pa jiko hulinda jiko. Tangu wiki ya 3 hivi hadi ya 16, mtoto wa mbwa hujifunza jamaa zake ni nani. Akiishi na mbuzi siku hizo, huwahesabu mbuzi kuwa jamaa zake. Siku hizo zikipita, ni vigumu kumfundisha.

Huko Namibia, tangu 1994, shirika la Cheetah Conservation Fund limewapa wafugaji watoto wa mbwa wa asili ya Uturuki ili walinde mbuzi na kondoo. Lakini usisikitike kwa kukosa mbwa wa kigeni. Kule Botswana mbwa wa kienyeji hufanya kazi iyo hiyo kwa gharama ndogo. Na hapa Kenya, uchunguzi wa Laikipia uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mifugo iliyochungwa kwa karibu mchana, na usiku ikalala bomani penye mbwa na watu, ndiyo iliyoliwa kidogo zaidi.

Basi fanya hivi:

1. Chagua mtoto wa mbwa wa wiki 6 hadi 8, ambaye mama yake ni mtulivu na hafukuzi mbuzi.

2. Mjengee kibanda ndani ya zizi, chenye mlango mdogo, apate kuwakimbia mbuzi wenye pembe. Mlishe humo humo, wala si nyumbani, tena ashibe. Njaa humfanya mlinzi kuwa mwizi.

3. Watoto wasimchukue kucheza naye nyumbani. Lakini wewe mwenyewe mshike kila siku, ili akubali kushikwa wakati wa chanjo.

4. Akipata nguvu za kutembea, aende malishoni pamoja na mchungaji. Mbwa kijana hupenda mchezo: atafukuza wana-mbuzi na kuwauma masikio. Mkaripie papo hapo. Usimwache peke yake nao mpaka akomae. Huenda ikachukua mwaka mmoja au zaidi.

5. Mbuzi akizaa, simama utazame. Mbwa mwema hukaribia polepole, hulala chini, pengine humlamba mtoto. Akimng'ata au kumkokota, mwondoe mara moja. Kondo la nyuma lizike, asizoee kulila.

Sasa jambo kubwa. Kichaa cha mbwa kimewaua watu katika nchi hizi za Makueni na Kitui kwa miaka mingi, na dalili zikishamtokea mtu ni nadra sana apone. Mbwa wako achanjwe afikapo miezi 3, kisha kila mwaka. Uliza ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe siku za chanjo. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Mpe mbwa dawa ya minyoo pia, wala usimtupie matumbo mabichi ya mnyama aliyechinjwa, maana humo hupata minyoo iwezayo kuwadhuru watu na mbuzi.

Mwisho, kumbuka kwamba mbwa hashiki mahali pa mchungaji, wala pa zizi imara la miiba. Chui hula mbwa pia. Kazi ya mbwa ni kusikia kabla yako na kubweka. Kazi yako ni kuamka.