Darubini Kubwa: Je, Wakati Umefika?

*Bwana Mhariri, kwa darubini yangu ya milimita 70 nimeziona pete za Zohali, lakini kundi la Omega Centauri ni ukungu mtupu. Nikinunua lenzi ya jicho yenye kukuza zaidi, nitaziona nyota zake? – Msomaji, Tanga*

La, ndugu yangu, wala kasoro si ya macho yako. Kilichokupungukia ni nuru, nayo hufuata upana wa kioo, hata darubini ya milimita 200 hukusanya nuru mara nane kupita yako, na ukiielekeza kusini usiku wa Mei usio na mbalamwezi, ule ukungu huchambuka ukawa nyota tele. Ahadi za bokosini za kukuza mara 500 zipuuze; kwa milimita 70, ukipita 140 huzidishi ila giza.

Mimi ningechagua ile ya Dobson, yenye kitako cha mbao na isiyo na vikorokoro, lakini kabla ya kutoa fedha ijaribu kuinyanyua, kwani aghalabu hukaribia kilo 20. Itoe nje nusu saa kabla ya kutazama, ipate kupoa. Nyota zikiota mkia upande mmoja, vioo vimepotoka: zungusha skrubu za nyuma taratibu. Kioo kikishika chumvi ya pwani, usikisugue kwa kitambaa; mtafute fundi wa kamera.