Mbu, Mbuzi na Homa ya Bonde la Ufa

Mvua kubwa zinaponyesha, wakazi wengi wa mijini humwogopa mbu kwa sababu ya malaria pekee. Lakini wako mbu ambao huanza na mifugo kabla ya maradhi yao kumfikia binadamu. Haya ndiyo maradhi yaitwayo Homa ya Bonde la Ufa, yaliyotambuliwa mwaka wa 1931 katika kondoo wa shamba moja karibu na Ziwa Naivasha.

Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde ambayo hujaa maji wakati wa mafuriko. Maji yakikauka mayai hayafi. Hukaa udongoni kwa miaka, mengine yakiwa tayari yamerithi virusi kutoka kwa mbu aliyeyataga. Mafuriko yakirudi, mbu huanguliwa kwa wingi na kuwauma mifugo, kisha mbu wa aina nyingine huchukua virusi hivyo na kuvieneza. Ndiyo maana ugonjwa huu hupotea hata tukausahau, kisha ukazuka ghafula, kama ilivyotokea Garissa mwaka wa 1997 na tena 2006. Katika mkurupuko huo wa pili, zaidi ya watu 150 walifariki nchini.

Dalili ya kwanza ni mifugo wengi kuharibu mimba kwa wakati mmoja, na wana-kondoo na wana-mbuzi kufa.

Pengine msomaji atauliza: mimi naishi mjini, hayo yanihusu nini? Ukweli ni kwamba wengi wa wanaougua huambukizwa kwa kushika damu na viungo vya mnyama mgonjwa, wala si kwa kuumwa na mbu. Yule mbuzi wa bei nafuu anayechinjiwa nyuma ya nyumba siku ya sherehe, bila kukaguliwa, ndiye wa kuhofiwa. Heri ununue nyama yenye muhuri wa mkaguzi, uipike ikaiva, na maziwa uyachemshe.

Homa huanza baada ya siku 2 hadi 6, pamoja na maumivu ya kichwa na misuli. Wengi hupona, lakini wachache huharibika macho, huvimba ubongo au hutokwa na damu. Ukipimwa malaria na isionekane, mwambie daktari iwapo ulichinja au ulishika mnyama siku hizo.