Olimpiadi ya Astronomia bila Darubini

Swali: Nasoma kidato cha tatu, Dar es Salaam. Nataka kujiandaa kwa Olimpiadi ya Kimataifa ya Astronomia na Astrofizikia, lakini shuleni hatuna darubini. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwenye hesabu, mwanangu, darubini itasubiri. Mashindano haya, yaliyoanza Thailand mwaka 2007, hupima nadharia, uchambuzi wa data na utazamaji wa anga, na nadharia ndiyo yenye uzito zaidi. Shika kanuni ya tatu ya Kepler mpaka uitumie bila kubabaika. Mshtarii iko mbali na Jua mara 5.2 kuliko Dunia: piga 5.2 × 5.2 × 5.2, tafuta kipeuo cha pili, utapata miaka 11.9 hivi, muda wake wa kulizunguka Jua. Kisha ingia kwenye trigonometria ya tufe, ambayo (nakuonya mapema) darasani hutaikuta.

Kwa anga, macho yanatosha. Katikati ya Januari, karibu saa nne usiku, nyota Rigel hupita karibu kabisa utosini kwako, kwa kuwa iko nyuzi 8 kusini mwa ikweta ya anga, nawe uko nyuzi 7 kusini mwa ikweta ya Dunia. Kadiria kimo chake kwa jicho, ndipo ukokotoe.

Mitihani ya nyuma inapatikana bure mtandaoni. Ifanye kwa kujipimia muda, na majibu usiyachungulie kwanza.