SOMO LA KUONJA: MVINYO WA JEREZ, ASALI YA TABORA NA KARAFUU ZETU



Katika mkutano uliopita liliulizwa swali ambalo halikupata jawabu ya kutosha, maana muda ulikuwa umekwisha. Wageni wanaoingia mashambani mwetu kutazama mikarafuu, je, wanatufaa nini? Mzee mmoja alisema kuwa huja na gari, huvunja kitawi, hunusa, hupiga picha, kisha huondoka, na fedha waliyotoa imekwisha baki mjini kwa aliyewaleta. Mwengine akasema heri wasije kabisa. Sisi twaona swali kama hili halijibiwi kwa hasira, yafaa lisomwe. Kwa hiyo somo la toleo hili ni juu ya biashara ya kuonjesha, namna inavyofanywa na wenzetu wa mbali na wa karibu, na kama nasi twaweza kuifanya bila ya kujidhuru.

Kwanza tufahamiane juu ya neno lenyewe. Kuonjesha si kulisha. Anayelishwa hula akashiba akasahau, bali anayeonjeshwa hupewa kidogo, akaambiwa anachokionja kimetoka wapi na kimefanywaje, akapewa chengine cha kulinganisha na kile cha kwanza. Fedha anayoitoa ni malipo ya ule ulinganishi, si ya ushibe.

Biashara hii imekomaa sana kusini ya Hispania, katika nchi ya Andalusia, ambayo Waislamu walitawala sehemu zake tangu mwaka 711 hata ulipoanguka mji wa Granada mwaka 1492. Huko ipo miji mitatu iliyo jirani, nayo ni Jerez de la Frontera, Sanlúcar de Barrameda na El Puerto de Santa María. Kazi yao kubwa ni mvinyo wa zabibu. Najua baadhi ya wanachama wamekwisha kunja uso. Tulieni. Kilichomo ndani ya pipa hakituhusu, tunachokitaka ni utaratibu wao.

Mgeni hutoka mji wa Sevilla asubuhi kwa gari la moshi, na baada ya saa moja na kitu yuko Jerez. Huoneshwa kwanza udongo, nao ni mweupe wa chokaa, unaohifadhi maji ya mvua ya baridi mpaka siku za jua kali. Kisha huingizwa ghalani, akaoneshwa mapipa yaliyopangwa safu juu ya safu. Mvinyo wa kuuzwa hutolewa safu ya chini, ambayo ndiyo kongwe, wala pipa halimalizwi. Pengo lake hujazwa kutoka safu ya juu yake, na hiyo nayo hujazwa kutoka ya juu zaidi, hata kila chupa ikawa na kidogo cha zamani na kidogo cha sasa. Baada ya hayo ndipo mgeni huonjeshwa, vikombe vidogo vidogo, kuanzia chepesi mpaka kizito, na pembeni yake zaituni, lozi na samaki. Jioni anarudi kwao na mfuko mkononi.

Angalieni jambo moja. Hakuna ajabu kubwa pale. Udongo, pipa, kikombe na mtu anayejua kueleza, basi. Lakini jina lao wamelilinda. Tangu mwaka 1935 lipo baraza linalosimamia nani ana haki ya kuliandika jina la Jerez juu ya chupa yake, na asiyetimiza masharti haandiki.

Na kwa wanaopenda elimu ya maneno, Waarabu waliuita mji huo Sharish. Mhispania wa leo akitaka sukari husema azúcar, zafarani ni azafrán, zaituni ni aceituna. Maneno hayo na yetu ni watoto wa mama mmoja. Karafuu tu ndiyo waliyoiacha jina lake la Kiarabu, wakaiita clavo, yaani msumari, kwa umbo lake.

Sasa turudi karibu. Sisi hatuna haja ya kupanda ndege kwenda Andalusia kujifunza haya, kwa sababu kipo kitu hapa hapa Tanzania kinachofanana na mvinyo wao kwa kila hali ila kulevya, nacho ni asali ya Tabora. Tutachukua mfano wa msafiri aliyelala Choma.

Choma hii imo katika wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora. Wenyeji huiita Choma cha Nkola, na jina lisikudanganyeni mkadhani ni mahali pa kuchomea nyama. Nchi ya huko ni wazi, ina migunga na mbuga za udongo mweusi unaoshika maji, na katika mbuga hizo hulimwa mpunga mzuri. Pamba pia hulimwa. Mgeni akiamka salama, akaamkiwa "mwangaluka" na wenyeji, chai yake huenda ikawa na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa. Vikikatwa vibichi na kuanikwa bila ya kuchemshwa huitwa michembe. Hapo tayari pana somo la kuonja, kiazi kimoja, njia mbili za kukihifadhi, tamu mbili mbalimbali. Lakini ni nani aliyemwekea mgeni sahani mbili pamoja akamweleza? Mara nyingi hapana. Huwekewa moja, akala, akashukuru.

Kutoka Choma njia hupita Ziba, ikatokea Puge katika barabara kuu ya Nzega na Tabora. Kadiri unavyoelekea Tabora na kupita mbele yake, kwenda Sikonge, Urambo na Kaliua, ndivyo unavyoingia katika msitu wa miombo. Huo ndio mashamba yao. Miti yake ni mtundu, muba, myombo, mninga na mengineyo, na nyuki huchukua maua yake kwa zamu. Mrina asali mzoefu akikwambia msitu na mwezi, anajua asali ile imetoka ua gani. Mavuno makubwa huja baada ya mvua kwisha, tuseme Mei mpaka Julai, na huko nyuma ya mwaka yako mengine madogo. Mizinga ya asili hufanywa kwa gome la mti au kwa gogo lililochongwa ndani, ikatundikwa juu ya miti. Wakati wa mvua uyoga wa msitu huo huuzwa kandokando ya barabara, na mwaka mzima utaona chupa za asali zimepangwa zikingojea magari.

Tatizo la chupa zile ni kuwa zote zafanana. Mpita njia hajui ipi iliyorinwa kwa uangalifu na ipi iliyorinwa kwa moto mwingi hata ikanuka moshi. Hajui kuwa sega ambalo nyuki hawajalifunika kwa nta lina asali changa yenye maji mengi, nayo huchacha. Asali yenye maji chini ya asilimia 18 au 19 hukaa sana, na kanuni za biashara ya dunia kwa jumla haziruhusu kupita asilimia 20. Wala mpita njia hajui kuwa asali kuganda si dalili ya kutiwa sukari, kwa kuwa hiyo ni tabia ya asali yenyewe. Basi kwa kutojua hayo yote, hununua kwa bei ndogo, na mrina mzuri hulipwa sawa na mrina mvivu. Hasara yote ya kutoonjesha iko hapo, na sisi wa karafuu tunaijua vizuri.

Namna ya kuonja asali ni hii, nasi twaieleza kwa urefu kwa kuwa itatufaa baadaye. Tumbo lisiwe limeshiba. Chukua asali tatu au nne, zisizidi tano, maana ulimi huchoka. Zipange kutoka nyeupe mpaka nyeusi. Nusa kwanza, kisha weka kidogo sana ulimini, nusu ya kijiko, uiache iyeyuke yenyewe. Sikiliza mambo matatu, utamu wa mwanzo, ladha ya kati, na kinachobaki kooni baada ya kumeza. Moshi, kama upo, hubaki kooni. Kunywa maji ya kawaida, tafuna kipande cha mkate mkavu, kisha ndiyo uende ya pili. Ya mwisho iwe asali ya nyuki wadogo wasiouma, ambayo ni nyepesi na ina ukali wa kutia chachu. Ukianza na hiyo, zote zilizobaki hazitakuwa na maana.

Huko kuna pia kinywaji cha asali kiitwacho wanzuki, nacho ni pombe. Twakitaja ili mjue kuwa mwenye kuonjesha lazima amuulize mgeni wake kabla, si baada.

Katika mji wa Tabora kipo chuo cha serikali cha ufugaji nyuki, na chama cha ushirika cha wafuga nyuki wa huko ni cha tangu miaka ya mwanzo ya uhuru. Kwa hivyo ujuzi upo. Pia ipo historia ya kumweleza mgeni. Kilomita chache nje ya mji ni Kwihara, ambapo lipo tembe lililojengwa upya, leo ni makumbusho, alipokaa Livingstone mpaka alipoondoka Agosti 1872 kwenda safari yake ya mwisho. Burton na Speke walifika Tabora, wakati ule wakiiita Kazeh, Novemba 1857, wakapokewa vizuri na Waarabu wa pale. Stanley alifika Juni 1871 baada ya miezi mitatu ya njia kutoka Bagamoyo, naye ameandika katika kitabu chake kuwa aliletewa wali, mchuzi wa kuku, mikate ya ngano, mapapai, makomamanga na ndimu. Fikirini, makomamanga, mwendo wa miezi mitatu kutoka pwani! Misafara haikuchukua pembe tu, ilichukua na mbegu na mapishi pia.

Na njia ile si ngeni kwetu. Baadhi ya fedha zake zilirudi visiwani zikawa mikarafuu. Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, ambaye baba yake alikaa Tabora, alikufa Unguja mwaka 1905 akiwa na mashamba. Baadaye Wanyamwezi wenyewe walivuka bahari, wakapalilia mashamba ya karafuu kwa mshahara. Mzee akikwambia shamba fulani lilipaliliwa na Wanyamwezi, usidhani ni hadithi.

Sasa karafuu. Mwanachama aweza kuonjesha nini? Sisi twaona meza yetu ina vitu vingi kuliko ya Jerez. Weka kikonyo kibichi cha kijani, cha pili kilichoanza wekundu ambacho ndicho cha kuchumwa, cha tatu kilichokauka vizuri, cha nne kilicholala chunguni kikavunda kabla ya kuanikwa hata kikapauka. Weka makonyo, ueleze kuwa nayo yana mafuta, na kuwa kiwanda cha Wawi huyatoa. Weka mpeta, uliopitwa na wakati wake. Mwambie mgeni kuwa yataka kilo tatu mbichi, kwa kukadiria, kupata moja kavu. Kisha mpe bilauri ya maji atie karafuu mwenyewe. Iliyo nzuri huzama au husimama wima, na iliyokwisha mafuta huelea imelala. Jaribio hili halina gharama hata senti, na mgeni hatalisahau, na tena halihitaji mkalimani. Baada ya hapo chai ya karafuu, mkate wa kumimina, na kama ni mchana, pilau au pweza wa nazi.

Lakini twaonya mambo mawili matatu. Mgeni asipande mkarafuu, kwani matawi yake huvunjika ghafla, nasi tunao waliovunjika miguu ambao ni wachumaji hodari. Wakati wa mavuno asije mgeni siku za kuanika, majamvi yasije yakakanyagwa. Na karafuu asiuziwe mgeni, hata gramu, mpaka mwanachama amekwisha uliza ofisi ya ZSTC iliyo karibu naye, maana biashara ya karafuu Zanzibar ina sheria yake. Chakula, maelezo na kuzungushwa shambani ndivyo tunavyouza.

Juu ya fedha, tuchukue mfano wa kukisia. Wageni wanane, kila mmoja shilingi 20,000, jumla 160,000. Mwenye shamba achukue 60,000, akina mama wapishi 50,000, kijana mwenye lugha 30,000, na Chama 20,000 kwa ajili ya majamvi na dawa. Kama mgeni ameletwa na mwenye gari, kwanza tupatane naye bei yetu kabla gari halijaondoka mjini, na tulipwe mkononi mwetu, si mkononi mwake. Fedha hii haishindi mavuno mazuri. Lakini mkarafuu hauzai sawa kila mwaka, na ile miaka ambayo juu ni majani matupu kila mmoja wetu anaikumbuka.

Kamati inataka mashamba matatu ya kujaribia, si zaidi, yaliyo karibu na barabara, yenye choo safi na maji ya kunawa. Mwenye nia alete jina lake kwa Katibu kabla ya mwisho wa mwezi, pamoja na jina la mpishi mmoja aliyekubali kwa khiari yake, na la kijana aliyemaliza skuli ambaye yuko tayari kuifanya kazi hii. Siku ya kwanza wataonja wanakamati wenyewe, na watalipa.