Kabla ya Kuchapisha "Haina Kolesteroli": Mwongozo kwa Wasindikaji wa Kilifi na Malindi

Anayesindika mafuta ya nazi, unga wa mbuyu au achari ya maembe akitaka kuingia supamaketi huulizwa alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Lebo nayo hutazamwa, na kila neno la sifa lina kipimo chake. Pitia hatua hizi kabla hujamlipa mpiga chapa.

1. Anza na ya lazima. Kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 38, kinataka jina la chakula, viambato kuanzia kilichozidi kwa uzito, ujazo au uzito halisi, jina na anwani yako, namba ya toleo, tarehe na maelekezo ya kuhifadhi.

2. Chambua sifa unazotaka kuandika. "Ina nyuzinyuzi" ni dai la lishe. "Kalsiamu husaidia kujenga mifupa" ni dai la afya. Yote mawili yanaangukia EAS 805. "Hutibu kisukari" ni dai la tiba: lifute, hata kama wateja wa mlonge wanakuapia. Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inaharamisha lebo ya kupotosha.

3. Pima bidhaa kama inavyouzwa. Unga mtupu wa mbuyu una nyuzinyuzi nyingi. Mabuyu yaliyokolezwa sukari na rangi ni chakula kingine, hivyo majibu ya maabara ya unga hayayafai.

4. Linganisha majibu na vipimo. Miongozo ya kimataifa ya Codex inasema hivi kwa kila gramu 100 za chakula kigumu:

- "Mafuta kidogo": yasizidi gramu 3.
- "Haina sukari": isizidi gramu 0.5.
- "Chanzo cha nyuzinyuzi": zisipungue gramu 3, "nyuzinyuzi nyingi", gramu 6.

"Haikuongezwa sukari" ni dai jingine. Ukitia asali au juisi ya matunda kwenye achari, umelipoteza.

5. Wenye mafuta ya nazi, simameni hapa. Ni kweli nazi haina kolesteroli, kwa kuwa ni mmea. Lakini Codex hairuhusu dai la "haina kolesteroli" kwa chakula kigumu chenye zaidi ya gramu 1.5 za mafuta yaliyoshiba katika gramu 100, na sehemu kubwa mno ya mafuta ya nazi ni hayo hayo. Mnunuzi akisoma dai hilo ataelewa kwamba moyo wake uko salama, na hapo ndipo upotoshaji ulipo. Andika unachoweza kukithibitisha: nazi za Kilifi, tui lililokamuliwa bila kuchemshwa, hakuna kilichoongezwa. Mwenye hoteli Watamu hununua kwa sifa hizo.

6. Weka jedwali la lishe. Ukishatoa dai, onyesha nishati, protini, wanga, sukari, mafuta, mafuta yaliyoshiba na sodiamu, pamoja na kirutubisho ulichokitaja.

7. Tunza karatasi. Weka pamoja majibu ya maabara, mapishi na nakala ya lebo. Ukibadilisha kiambato au kiasi cha sukari, pima upya kabla ya kuagiza lebo nyingine. Chapisha chache kwanza. Lebo elfu zenye neno moja lisilokubalika ni hasara ya elfu nzima.