Eksirei ya Kifua na Homa ya Mafua

Mtu akipatwa na homa, kikohozi na maumivu ya viungo katika Migori au Homa Bay, jamaa zake hawakosi la kusema. Mmoja husema ni malaria, kwa kuwa nchi hizo za kando ya Ziwa Victoria zina mbu wengi. Wa pili husema ni mafua tu, yatakwisha. Wa tatu hunong’ona kwamba ni kifua kikuu. Wote watatu huweza kukosea, na hasara ya kosa hilo humpata mgonjwa. Kwa hiyo yafaa kila mtu ajue eksirei ya kifua huonyesha nini, na haionyeshi nini.

JINSI PICHA INAVYOPATIKANA

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen, mtaalamu wa Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895. Mionzi hiyo hupenya mwili, lakini haipenyi kila kitu sawasawa. Mfupa huizuia, nao huonekana mweupe katika picha. Hewa haiizuii, na kwa sababu hiyo mapafu ya mtu mwenye afya, yaliyojaa hewa, huonekana meusi. Usaha au maji yakiingia mahali pa hewa, weusi hugeuka kuwa weupe, na daktari hutambua kwamba pana jambo.

Mgonjwa huambiwa avue shati na mkufu, asimame kifua kikigusa ubao wa picha, avute pumzi nyingi na kuizuia kidogo. Hasikii maumivu yoyote. Kiasi cha mionzi ya picha moja ni kidogo mno, yapata kile ambacho mwili hupokea kutoka ardhini na angani kwa siku kumi hivi. Walakini mwanamke mwenye mimba na amwambie mpigaji picha kabla ya kuanza.

MAFUA YENYEWE HAYAONEKANI

Watu wengi hudhani kwamba eksirei huonyesha virusi vya mafua. Sivyo. Virusi ni vidogo mno. Hutambuliwa kwa kupima ute wa pua au wa koo katika maabara. Eksirei haimwonyeshi mwizi, bali huonyesha mlango aliouvunja. Wagonjwa wengi wa mafua wana mapafu safi, wala hawahitaji picha. Wakipumzika na kunywa maji ya kutosha, hupona baada ya juma moja hivi.

Lakini pengine virusi hushuka mapafuni, na picha ikaonyesha kama mawingu membamba pande zote mbili. Pengine mgonjwa huanza kupata nafuu, kisha baada ya siku chache homa hurudi kwa nguvu na kikohozi hutoa makohozi mazito. Hapo bakteria wameifuata njia iliyofunguliwa na virusi, na mara nyingi picha huonyesha doa zito jeupe. Hiyo ni nimonia, nayo hutibiwa kwa antibiotiki, dawa ambazo hazina nguvu juu ya virusi vya mafua.

Nimonia ya namna hiyo iliua watu wengi katika ugonjwa mkuu wa mwaka 1918, ulioingia Kenya kwa bandari ya Mombasa na kuenea bara. Mwaka 2008 wataalamu wa Marekani walitoa habari za kuchunguza upya vipande vya mapafu ya watu 58 waliokufa katika ugonjwa ule, wakaona dalili za bakteria. Wakati ule antibiotiki hazikuwapo. Leo zipo, na hatari kubwa ni kuchelewa.

KIFUA KIKUU KILICHOJIFICHA

Eksirei hufichua pia ugonjwa ambao haukutazamiwa. Katika uchunguzi wa Kenya nzima wa miaka 2015 na 2016, watu wazima 558 katika kila 100,000 walikadiriwa kuwa na kifua kikuu, na baadhi ya waliogunduliwa walijulikana kwa picha tu, bila kikohozi cha muda mrefu. Jambo hili lina uzito katika Migori na Homa Bay, kwa sababu virusi vya UKIMWI vimeenea huko kuliko sehemu nyingi za Kenya, na mwenye virusi hivyo hushikwa upesi na kifua kikuu. Hata hivyo picha peke yake haikati shauri. Makohozi nayo lazima yapimwe.

USINGOJE MASHINE

Eksirei hupatikana katika hospitali kubwa, kama zile za rufaa za Homa Bay na Migori. Zahanati nyingi za vijijini hazina. Lakini kila mzazi aweza kuhesabu pumzi za mtoto aliyetulia kwa dakika moja. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60, wa miezi 2 hadi 12 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, apelekwe kutibiwa siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, safari isingoje asubuhi. Mtu mzima anayehema, mwenye maumivu ya kifua, au ambaye homa yake imerudi baada ya nafuu, naye asikae nyumbani.

Tangu mwaka 2011 watoto wachanga wa Kenya huchanjwa ili kuwakinga na aina kubwa ya nimonia, wakiwa na majuma 6, 10 na 14. Chanjo hiyo na isikoswe.